Kosa Asiloliona Mwengine

Hesabu zilikataa asubuhi ileile ambayo vitambaa vya sare vilifika.

Nusaiba alikuwa chumbani, kompyuta iko juu ya meza ya cherehani, akitengeneza mchoro mmoja wa kuwaonesha watahini. Tasnifu yake ya uzamivu ilikwisha chapwa na kufungwa jalada. Nakala zilikuwa Dar es Salaam zikisomwa, na siku ya kuitetea ilikwisha pangwa. Mchoro ulikuwa pambo tu. Mstari mmoja ulikuwa wa makadirio yaliyotolewa na kanuni yake, mwengine wa jibu lililokokotolewa na mashine pole pole bila ya ujanja wowote, na mistari hiyo miwili ilitakiwa ikaribiane kadiri hesabu inavyokua, mpaka jicho lishindwe kuitenga. Ilikaribiana mwanzo. Kisha ikaanza kuachana kidogo kidogo, kama watu wawili wanaotembea pamoja na mmoja kakasirika.

Alidhani kakosea kuiandika programu. Akaifuta, akaiandika upya kwa njia nyengine. Mistari ikaachana palepale.

"Daktari," mama mkwe wake, Bi Mwatum, akaita kutoka uani. "Njoo upimwe, fundi anangoja."

Nusaiba akatoka. Uani palitandikwa jamvi, na juu yake kitambaa cha zambarau walichokichagua wanawake wa mtaa kwa ajili ya maulidi ya kushukuru siku atakaporudi na shahada yake. Bi Mwatum alikwisha waambia watu, kuanzia kijijini kwao Kengeja mpaka Mkoani, kwamba mkaza mwanawe anakwenda kufanywa daktari, na tangu hapo watu hawakumwita Nusaiba kwa jina jengine. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipimwa kabla yake akamnyooshea mguu.

"Goti hili likinikamata alfajiri siinuki. Huko ulikosoma hamkufunzwa magoti?"

"Mie si daktari wa watu, shangazi."

"Wa nini basi?"

"Wa hesabu."

Yule mwanamke akafikiri. "Na hesabu nazo zaumwa?"

Wote wakacheka. Nusaiba naye akacheka, mikono kainyanyua ili fundi apitishe futi kifuani, huku akiifikiria ile mistari.

Kwa miaka yote ile alikuwa akiifanyia kazi njia moja ya zamani, wanayoitumia watu wa takwimu na watu wa fizikia, kila kundi kwa lugha yake. Wote hukutana na jumla kubwa mno zisizojumlishika. Na wote hutumia hila moja: hutafuta pahala ambapo uzito umerundikana, wakahesabu hapo tu, na yaliyobaki wakayaacha kwa kuwa ni madogo. Nusaiba alikuwa amethibitisha, au alidhani amethibitisha, kwamba hila hiyo haikosei hata pale mambo yasiyojulikana yanapozidi kuwa mengi. Profesa Hafiz, msimamizi wake, alimwambia hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizowahi kusimamia. Kwa neno hilo chuo kimoja cha Chake Chake kilimwahidi nafasi ya uhadhiri, ilimradi aje na shahada mkononi.

Aliisoma tasnifu yake kama anayepekua nyumba ya mwizi. Alisoma watu walipokwenda shamba, akasoma mwanawe Rahma alipokuwa chuoni akisoma Kurani, akasoma ugali ukiungua jikoni. Siku ya pili, adhuhuri, akaliona kosa. Ulikuwa mstari mmoja, mfupi, aliouandika kwa haraka miaka miwili nyuma kwa sababu ulionekana wazi mno kiasi cha kutohitaji maneno. Mstari ulisema kwamba yaliyobaki ni madogo. Ilikuwa kweli kwa kila moja. Haikuwa kweli kwa yote kwa pamoja.

Akafunga kompyuta, akaenda kisimani kuteka maji ambayo hayakuhitajiwa.

*

Mumewe, Shaame, alirudi alasiri. Gari yake ya abiria ilikuwa imelala gereji Mkoani kwa muda mrefu, injini iko chini, na yeye alikuwa akifanya udereva wa kushika kwa watu wengine, leo hii gari, kesho ile. Walikuwa wamepanga kwamba mshahara wa kwanza wa chuo utaifufua ile gari. Jambo hilo halikuwa likizungumzwa sana. Lilikuwa likikaa nao tu nyumbani kama mgeni anayeheshimika.

Nusaiba alimtilia maji ya kunawa, akamwekea muhogo na samaki, akangoja ale.

"Baba Rahma, nna jambo."

"Sema."

"Kwenye kazi yangu mna kosa."

Shaame akaendelea kutafuna. "Si utarekebisha."

"Si la kurekebisha. Ile kanuni yenyewe si kweli. Kazi nzima imesimama juu yake."

Akaacha kula. Alimtazama mkewe usoni, akaona kwamba macho yamemvimba, na akaelewa kuwa hili si dogo.

"Nani kaliona?"

"Mimi."

"Mwengine?"

"Hakuna."

"Profesa?"

"Kaisoma mara tatu. Hakuliona."

"Na hao watahini?"

"Mmoja keshaleta maoni. Kasifu sehemu hiyohiyo."

Shaame akafuta mkono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja. Hakuwa mtu mbaya. Alimwoa Nusaiba akiwa mwalimu wa skuli, akamwacha asome, akavumilia maneno ya barazani kuhusu mwanamme anayebaki na mtoto huku nke yuko Dar. Alivumilia kwa miaka, na alivumilia kwa sababu aliamini kuna mwisho wake.

"Basi hakuna aliyeliona," akasema.

"Nimeliona mimi."

"Mama Rahma, we si ulinambia wanaosoma mambo haya duniani kote hawajai gari yangu?"

"Nilikwambia."

"Basi ntu gani atadhurika? Daraja litaanguka? Ntu atapewa dawa siyo?"

Hapakuwa na daraja. Hapakuwa na mgonjwa. Palikuwa na mstari tu, na mstari ule ulikuwa uongo, na yeye ndiye mtu pekee chini ya mbingu aliyejua.

"Nikisimama mbele yao nikasema ni kweli, ntakuwa nnajua kwamba si kweli," akasema Nusaiba.

"Simama, sema, pata karatasi yako, urudi. Halafu utafute kosa lako mpaka ulimalize. Nani kakukataza?"

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Shaame akanyanyuka, akachukua kofia yake, akatoka. Muhogo ulibaki sahanini, na kuku akaja kuudonoa.

*

Alimpigia simu Profesa Hafiz kesho yake, amesimama nyuma ya skuli, karibu na ukuta ambapo mtandao haukatiki. Profesa alisikiliza bila ya kumkata.

"Ukurasa gani?" akauliza alipokwisha kuelezwa.

Akamtajia. Akasikia karatasi zikifunuliwa.

"Una hakika?"

"Nimetunga mfano unaoivunja. Nimekutumia. Kila sharti limetimia, na kanuni haishiki."

"Nimeuona," akasema Profesa. Sauti yake ilikuwa imezeeka. "Sikiliza, Nusaiba. Jopo limeshapangwa. Mtahini wa nje ameshakata tiketi. Marekebisho huruhusiwa hata baada ya kutetea. Watu wengi hufanya hivyo."

"Haya si marekebisho, Profesa. Nikiiondoa kanuni hii hakibaki kitu."

"Najua kinachobaki."

Nusaiba akangoja. Alitamani amwambie neno moja tu, hata la kumkemea. Alitamani mtu mmoja katika dunia hii alitazame kosa lile pamoja naye na kusema, naam, hapa ndipo palipovunjika, na aone uzuri wake pia, maana kosa lenyewe lilikuwa na uzuri wa kutisha. Lakini Profesa alikuwa na aibu yake mwenyewe ya kuishughulikia. Kazi ile alikwisha izungumza mbele ya wenzake katika mikutano.

"Basi andika barua ya kuahirisha," akasema. "Ieleze wewe mwenyewe. Mimi nitatia saini."

Simu ikakatika. Haikupigwa tena kwa miezi.

*

Bi Mwatum aliambiwa akiwa anachambua mchele. Nusaiba alikaa chini mbele yake, miguu kaikunja, kama siku ya kwanza alipoletwa nyumba ile.

"Mama, safari imevunjika."

"Meli?"

"Si meli. Mtihani wenyewe. Nimeomba uahirishwe. Kazi yangu niliikosea."

Bi Mwatum aliendelea kupeta. Chuya zilianguka ukingoni mwa ungo, akazitoa kwa kidole. "Walikufelisha?"

"La. Nimesema mwenyewe."

"Kabla hujaulizwa?"

"Kabla sijaulizwa."

Mikono ikasimama. Bi Mwatum hakusoma skuli, lakini alikuwa mwanamke mwenye akili na aibu, na wakati ule aibu ndiyo iliyosema kwanza. "Sasa hawa watu n'tawambiaje? Kitambaa kishakatwa. Nishaalika mpaka Wambaa. N'seme mkaza mwanangu kajifelisha?"

"Waambie nimekosea hesabu."

"Watu hawafahamu hivyo, mwanangu. Watafahamu ilivyo rahisi kwao."

Na watu wakafahamu ilivyo rahisi kwao. Wa mwanzo walisema amefeli. Wengine wakasema haiwezekani, huyu alikuwa na akili tangu utoto, lazima kaiba kazi ya mtu akagunduliwa. Wengine wakasema ni kijicho. Mwanamke wa goti alikuja kuuliza kama anaweza kushonesha gauni la kawaida kwa kile kitambaa, au kingojwe. Bi Mwatum akamjibu ashone. Baada ya hapo, kila siku ya Ijumaa, palipita njiani mtu mmoja au wawili kwa nguo ya zambarau, na Nusaiba akajifunza kuinama kufunga kiatu.

Chuo cha Chake Chake kilimwita. Bwana mmoja wa utumishi, mpole, alimkaribisha kiti na kumwambia kwamba wamesikitika, lakini muhula haungoji mtu, na nafasi imepata mwenyewe. "Milango iko wazi siku zijazo," akasema, na yeye mwenyewe akasimama kumfungulia mlango wa kutokea.

Akarudi kufundisha skuli. Mwalimu mkuu, Bwana Jaribu, alimpa darasa la kidato cha pili na ratiba iliyojaa. Siku moja, wako peke yao katika chumba cha walimu, akamwambia kwa huruma ya kweli: "Mwalimu, nisamehe nikikwambia. Ungenyamaza tu." Nusaiba akasema, "Wengi wamenambia," akachukua chaki akaenda darasani.

Kilichomlemea hakikuwa maneno ya watu, wala hata ile kazi ya chuo. Mtu akifiwa Kengeja, nyumba hujaa. Wanawake huja na mikeka yao, hupika, hulia na mwenye kufiwa hata kama hawakumjua maiti, na huondoka naye amepata nguvu ya kuamka kesho. Nusaiba alikuwa ameondokewa na kitu alichokaa nacho miaka kwa miaka, alichokifikiria akinyonyesha, akiwa melini, akiwa kwenye foleni za Dar, kitu alichokijua kila pembe yake. Na hakuna aliyekuja kumwambia pole, kwa kuwa hakuna aliyejua kuwa kilikuwepo. Hata yeye alipotaka kukililia aliona haya. Atasema analilia nini?

Nyumbani palikuwa na salamu tu. Bi Mwatum alimwita kula na alimwitikia, na alimpenda Rahma mara mbili zaidi, kama anayefidia. Shaame alipata gari ya kuendesha ya tajiri mmoja, akawa anatoka mapema na kurudi amechoka. Hakumgombeza mkewe hata siku moja. Alikula, akauliza habari za skuli, akalala upande wake. Gari yake mwenyewe iliuzwa gereji kwa vipande. Aliuambia ukuta jambo hilo, huku akivua shati: "Ile gari nimeiachia." Nusaiba akasema, "Haya."

Msimu wa karafuu ukaingia, na uani kukatandikwa majamvi ya kuanikia. Nusaiba akawa akirudi skuli anakaa karibu na majamvi hayo, daftari la wanafunzi la mazoezi juu ya paja, akifanya kazi. Hakuwa na wa kumwonesha. Alijaribu sharti hili, likashindwa. Akajaribu lile, likashindwa. Akajifunza pale ambapo kanuni yake ya zamani inafia, hatua kwa hatua, na alipokwisha pajua vizuri akaona kwamba upande wa huku wa mpaka ule kuna kitu kinachosimama. Kilikuwa kidogo. Kiliruhusu mambo yasiyojulikana yaongezeke, lakini polepole sana, polepole kuliko alivyokuwa amedai. Watu wa takwimu wangekiona kina masharti mengi, na watu wa fizikia labda wasingekihitaji. Lakini alikitikisa kila namna na hakikutikisika.

Akakichapa, akakituma kwa Profesa Hafiz bila ya kuandika neno la juu wala la chini.

Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilikuwa fupi: Nimesoma mstari kwa mstari, safari hii kwa adabu. Ni ndogo na ni sahihi. Nitaomba jopo jipya.

Aliisoma amesimama nyuma ya skuli, kengele ya kipindi ikilia. Alitazama huku na huku, kama mtu aliyeokota kitu njiani na anamtafuta mwenyewe. Uwanjani walikuwepo wanafunzi waliokuwa wakikimbilia darasani, na mbuzi. Akaitia simu mfukoni, akaenda kufundisha milinganyo.

Jopo lilipopangwa, aliwaambia jioni wakiwa wanakula. "Nimepangiwa tena. Nitakwenda Dar baada ya wiki mbili."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mwatum. Alisema kwa moyo, lakini hakuuliza tarehe, na hakumwita mtu.

*

Siku moja kabla ya safari ilikuwa Ijumaa. Shaame alirudi kutoka msikitini, akabadili kanzu, akamkuta mkewe uani akikunja nguo chache na kuzitia mkobani. Bi Mwatum alikuwa amekwenda kumjulia hali jamaa yake na kumchukua Rahma. Karafuu zilikuwa zimeanikwa, na nyumba nzima ilinukia.

Alikaa kwenye ukingo wa jamvi. Akaanza kuokota vikonyo vilivyobaki ndani ya karafuu, akavitupa kando. Alifanya hivyo kwa muda, na Nusaiba akaendelea kukunja.

"Lile kosa," akasema Shaame. "Lilikuwa lipi?"

Nusaiba akageuka. "Lipi?"

"Lile. Ulilolikosea."

Alidhani kuna jambo nyuma ya swali, lawama iliyokaa ikaiva. Akamtazama, asione lawama. Alikuwa ameinama, anachambua.

"Ni la hesabu, Baba Rahma."

"Nafahamu ni la hesabu. Nimekaa nalo humu ndani mwaka mzima. Sijapata kuliona sura."

Nusaiba aliweka nguo chini. Ilimjia kwamba katika muda wote ule watu walimuuliza kwa nini alisema, na nani alimlazimisha, na atafanya nini sasa. Hili la leo halikuwahi kuulizwa. Akakaa upande wa pili wa jamvi, na kwa kuwa hakuwa na ubao akakusanya karafuu akafanya fungu moja kubwa, kisha akatawanya nyengine moja moja, mbali mbali.

"Chukulia una shamba," akasema. "Mna mkarafuu mmoja uliobeba sana. Mingine yote ni mibovu, kila mmoja una konzi moja tu. Tajiri anataka kujua mavuno. Huna muda wa kuzunguka shamba zima. Utafanyaje?"

"N'tahesabu ule mmoja."

"Na ile mingine?"

"Konzi moja moja, za nini? N'taiacha."

"Ndivyo wanavyofanya wote, na huwa sawa. Mimi nikasema ni sawa kwa kila shamba. Nikaandika, nikathibitisha. Sasa chukulia shamba linakua. Kila mwaka ile mibovu inazidi, mpaka haihesabiki."

Akazidi kutawanya karafuu, zikafika mpaka ukingoni, zikamgusa Shaame miguuni.

"Kila mmoja una konzi yake tu," akasema. "Bado ni kidogo. Ukiutazama mmoja utasema hauna kitu. Lakini ukiikusanya yote..."

Machozi aliyoyaonea haya mwaka mzima yalimtoka mchana kweupe, juu ya karafuu zilizoanikwa, na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa inaonesha.

"Ikikusanywa inaushinda ule mkubwa," akamaliza. "Na mimi niliiacha yote nje. Niliandika mstari mmoja, nikasema ni midogo."

Shaame alitazama fungu, akatazama zile zilizotawanyika. Uso wake ulikuwa umekazana, kama anaposikiliza injini inayogonga asijue inagongea wapi.

"Kwa hivyo ulisema uongo?"

"Sikusema uongo. Nilisema jambo bila ya kulijua. Ningekwenda ningesema uongo."

Shaame akachukua karafuu moja katika zile za mbali, akaigeuza geuza.

"Hii ni nini? Ndio mti au ndio konzi?"

"Hiyo ni mti. La. Ngoja." Nusaiba alicheka kidogo, machozi yakiwa usoni. "Nimekuchanganya."

"Sijafahamu," akasema Shaame.

"Najua. Si kitu."

Akafanya kama anataka kunyanyuka amalizie mkoba wake. Shaame hakunyanyuka. Alizirudisha karafuu zote pamoja kwa viganja viwili, akazisawazisha, akamsogezea mkewe.

"Eleza tena," akasema.